Waja leo waondoka leo, kasoro maji: shajara ya mtaro wetu Ngamiani

9 Februari 2025, Jumapili

Nimeamua kuandika kwa sababu kila mwaka masika ikiisha tunakaa kijiweni tunabishana mwaka jana tulifanya nini, nani alichanga, nani aliahidi akapotea, na kila mtu ana kumbukumbu yake inayompendelea yeye. Mwaka huu itakuwepo kwa maandishi, anayebisha asome.

Mradi wenyewe mdogo, msicheke. Mtaro mmoja, upande mmoja wa barabara, hapa Ngamiani Tanga ambako mitaa yetu inaitwa kwa namba kama vyumba vya gesti. Kuanzia kona ya kijiwe cha kahawa mpaka pale unapomwaga kwenye mtaro mkubwa nimehesabu hatua 190, fundi mwashi akaja na tepu akasema mita 140. Nyumba 38 zinautumia, yani zinautumia kwa maana kwamba zinamwaga humo. Hali ya leo: mchanga umefika karibu nusu ya kina, slabu 11 za zege za kuufunika hazipo, na pale katikati kuna dimbwi refu ambalo halijakauka tangu vuli, lina rangi ya chai ya maziwa na lina wenyewe, vyura na mbu.

Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Sasa maji ya mtaro wetu ndo mgeni pekee aliyegoma kuondoka.

11 Februari

Jana usiku kwenye grupu niliulizwa kwa nini mtaro, kwa nini tusianze na taa au uwanja wa watoto. Swali zuri, nikajibu kwa voisi ya dakika 4 ambayo najua hakuna aliyeimaliza, kwa hiyo naandika hapa.

Mji umesogea, kwenye hilo tusiwe wabishi. Mi ni fundi baiskeli, nina kibanda changu pale kona mwaka wa 14 huu, na barabara naijua kwa rimu, maana mashimo yakizidi rimu zinakuja kwangu zimepinda kama bagia. Tangu ule mradi wa miji ya kimkakati ulioanza 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ule uliotuchukua sisi pamoja na Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma, Kigoma na Mtwara, lami imeingia mpaka mitaa tuliyokuwa tunapita kwa kuruka, na taa zikaja. Rimu za kunyoosha zimepungua, kwangu ni njaa kidogo lakini alhamdulillah. Sa hivi kuna TACTIC, mradi mwingine wa kuboresha miji, miji 45 nchi nzima, dola milioni 410, na sisi tumo. Bandari ndo usiseme, zamani meli inatia nanga huko nje shehena inaletwa kwa matishari kwa sababu gatini kina kilikuwa kidogo, wakachimba mpaka mita 13, kazi nzima imekula shilingi bilioni 429.1, leo meli inakuja kufunga hapahapa. Na malori yanayotoka huko, mengine dereva anatafuta njia ya mkato au anatafuta chipsi, anakata kuingia mitaa ya ndani, tairi la nyuma linapanda slabu. Zetu 4 kati ya zile 11 zimekufa hivyo, maendeleo yamepita juu ya maendeleo mengine.

Ila kilichoniingiza mtaroni mimi ni maji ya bomba. Sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu 273,332, ya 2022 tukawa 393,429, na wote hao wanaoga. Maji yetu yanatoka Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, la mwaka 1978, enzi hizo Tanga ilikuwa ya watu wachache. Sasa mwaka jana Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, wakauza hatifungani ya kijani, yani wamekopa kwa wananchi kwa ajili ya mradi wa mazingira, walitaka bilioni 53.12 wakapata 54.72, riba asilimia 13.5 kwa mwaka kwa miaka 10, imeorodheshwa pale Soko la Hisa Dar. Lengo uzalishaji upande kutoka lita milioni 45 kwa siku mpaka milioni 60. Mi hatifungani sikununua, hela hiyo sina, lakini habari yenyewe nilifurahi mpaka nikaisoma mara mbili kijiweni kwa sauti. Halafu usiku nikakaa nikajiuliza, hizo lita milioni 15 za nyongeza zikishapita kwenye beseni, kwenye sufuria la wali, kwenye ndoo ya kudekia, zinatokea wapi? Zinatokea mbele ya kibanda changu. Maji yanayoingia yanakatiwa utepe, yanayotoka hakuna hata anayejua yanapita wapi.

Ndo sababu. Hiyo taa tunayo tayari, inawaka.

22 Februari, Jumamosi ya mwisho wa mwezi

Siku ya usafi. Hii kitu tangu ile Siku ya Uhuru ya 2015 tuliyosherehekea kwa mafagio ipo, na kwa kawaida hapa kwetu maana yake maduka yanachelewa kufunguliwa na watu wanalala. Leo wametoka 17, sita wakiwa watoto, sio haba. Sepetu 4, reki 2, toroli moja ya kwangu yenye tairi la baiskeli na moja ya kuazima, gambuti jozi mbili tunapokezana na humo ndani unyevu wa mguu wa mwenzio, basi tu.

Toroli 41 zimetoka. Nilikuwa nachora mistari ukutani kwa chaki.

Kitu kilichonishangaza ni jinsi uchafu ulivyojipanga. Juu kabisa vifuniko vya chupa, pampasi, vifuu, maganda ya machungwa ya Muheza. Chini yake mchanga mtupu kama shibiri nzima. Halafu chini kabisa, imegandamana kwenye sakafu kama kurasa, mifuko ya rambo. Ile laini, ya bluu na nyeusi, iliyopigwa marufuku 1 Juni 2019. Yani unaona kabisa mstari, hapa sheria haijapita, hapa imepita. Babu wa kahawa akachukua mmoja akaukung'uta akausoma, ulikuwa wa duka la nguo lililofungwa zamani, akasema huyu alikuwa ananidai. Watu walicheka mpaka sepetu zikaanguka.

Kosa la leo: tumerundika tope ukingoni. Kila mwaka tunalifanya hilo, kila mwaka, unatoa tope unaliweka pembeni unajipongeza, mvua ya kwanza inalirudisha lilikotoka bila malipo. Nilishaongea na ofisi moja tangu wiki iliyopita wakaniahidi gari la kuzoa lingefika leo saa 5. Halijafika. Nimepiga nikaambiwa lipo njiani.

27 Februari

Bado lipo njiani.

Tumelitatua wenyewe. Kuna jirani anajaza kiwanja chake kifusi, akasema mchanga nileteeni mradi msiniletee pampasi. Vijana wawili wamekaa siku mbili jioni wanachambua, mchanga kwa jirani, taka kwenye kizimba. Wamelipwa soda na mkate na nyama choma ya kijiti, na mmoja kapatiwa breki mpya za baiskeli, hizo zimetoka kwangu, sijaziweka kwenye hesabu.

1 Machi, Jumamosi

Leo ndo siku niliyoipenda kuliko zote mpaka sasa kwa hiyo ntaandika sana, asiyependa mambo ya levo aruke.

Mtaro ukiwa msafi tukaona dimbwi bado lipo. Mchanga umetoka lakini maji pale katikati yamesimama tu. Watu wakaanza, mtaro umetitia, mtaro umelogwa, tuite injinia. Fundi mwashi akasema leteni mpira. Akachukua mpira wa maji ule unaopitisha mwanga, mrefu, akaujaza maji mpaka mapovu yote yakatoka (hili la mapovu ni muhimu, povu moja likibaki limekudanganya), mmoja anashika ncha huku mwingine anashika ncha kule, maji yakitulia ndani ya mpira pande zote mbili yapo usawa mmoja, hata pawe na kona katikati. Hakuna umeme wala betri. Kila mita 10 tunaweka alama ukutani, tunapima kutoka alama kushuka mpaka sakafu ya mtaro, naandika kwenye daftari la wateja.

Matokeo: kutoka mwanzo mpaka mwisho mtaro unashuka sentimita 42. Yani sentimita 3 kila mita 10. Ni mteremko mdogo sana, macho hayauoni, ila unatosha, fundi anasema kwa Ngamiani ilivyo tambarare ukipata huo shukuru. Lakini kwenye mita ya 60 sakafu badala ya kushuka inapanda sentimita 6. Tukapasugua kwa fagio la chuma tukakuta bomba la kupitishia waya limekatizwa ndani ya mtaro kutoka upande mmoja wa barabara kwenda wa pili na juu yake limemwagiwa zege. Nani kapitisha, lini, kwa kibali gani, hakuna anayekumbuka, kila mtu siku hiyo alikuwa kasafiri.

Sasa piga hesabu. Kizuizi cha sentimita 6 kwenye mteremko wa 3 kwa mita 10, maji yatarudi nyuma mita 20. Tukapima dimbwi. Mita 20, kasoro kidogo. Nilisisimka, wallah, mi hesabu shuleni ilinitoa machozi na leo nimeikuta mtaroni imekaa inanisubiri.

Bomba hatuwezi kulikata. Fundi akachukua tindo akapunguza lile zege la juu taratibu, sentimita 4 zimetoka, mbili zimebaki. Dimbwi litabaki kama mita 7. Bora mita 7.

8 Machi

Ramadhani imeingia, kazi ya mchana imekufa, tunahesabu hela.

Mweka hazina ni mama maandazi wa pale kona. Tulimchagua kwa sababu moja tu, hakuna mtu mtaa huu anayethubutu kupita mbele yake akiwa na deni. Kila nyumba 5,000. Kati ya nyumba 38 zimelipa 29, inakuwa 145,000. Kijiwe kimechanga 22,000. Na kuna mtoto wa mtaa yupo Muscat miaka mingi, kaona picha za toroli kwenye grupu katuma 70,000 na ujumbe kwamba alivunjika jino kwenye mtaro huo mwaka 1998 na anataka risiti. Jumla 237,000.

Manunuzi: simenti mifuko 4 kwa 16,500, ni 66,000. Nondo za milimita 10 tatu, 69,000, nyingine ni vipande tulivyopewa kwenye nyumba inayojengwa barabara ya nyuma. Kokoto guta moja 25,000, mchanga 15,000, kipande cha bomba la plastiki 6,000, fundi 40,000 na hiyo ni bei ya ujirani. Jumla 221,000, baki 16,000. Mama maandazi kaifunga kwenye kitambaa kaipeleka anakokujua yeye.

Bomba la plastiki ni la nini, nimeulizwa mara tatu. Slabu za zamani zilikuwa na masikio ya nondo ya kunyanyulia, na masikio yale watu wa chuma chakavu wanayakata, wakishayakata slabu haishikiki, halafu siku nyingine wanabeba slabu yenyewe wanaivunja wapate nondo ya ndani. Zile 7 zilizobaki kwenye hesabu yetu zimeondoka hivyo. Za sasa hazitakuwa na masikio, zitakuwa na matundu mawili ya kuingiza ndoano, na matundu hayo hayo yatapitisha maji ya barabarani kuingia mtaroni. Wazo la fundi, mi nimeliiba tu nimeliandika.

15 Machi, usiku

Tumemwaga zege baada ya tarawehe, saa 4 usiku, chini ya ile ile taa ya barabarani iliyosemwa tuanze nayo. Ni hali nzuri kwa kweli, hakuna jua la kuinyonya simenti, watu wameshafuturu wana nguvu, watoto wamekaa kwenye baraza wanatazama kama sinema.

Kabla ya kuanza kulikuwa na ugomvi. Mmoja wetu alikuwa kaleta toroli mbili za mchanga wa pwani, mweupe, mzuri, wa bure, akitaka tuongezee. Fundi akauonja. Kachukua chembe kaweka kwenye ulimi, akatema, akasema shekhe huu una chumvi, chumvi inaila nondo, nondo ikioza inavimba, ikivimba inapasua slabu kwa ndani, miaka mitatu mbele utaniita mi fundi mbovu. Mwenye mchanga akanuna akasema nyumba ya babu yake ilijengwa kwa mchanga huo huo na ipo. Fundi akasema ina nondo? Kimya. Mchanga umeenda kwenye kiwanja cha yule jirani wa kifusi, yeye hachagui.

Ratio ni simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Slabu ni sentimita 60 kwa 90, unene 8. Fremu za mbao zipo tatu tu kwa hiyo unamwaga, unashindilia, unasubiri ishike kidogo, unafungua kwa upole, unahamia nyingine. Tumemaliza saa 8 na dakika kumi, kina mama wameshaanza kuwasha majiko ya daku. Slabu 11 zimelala kwenye karatasi la nailoni kama samaki mnadani.

Ratiba ya kumwagilia, magunia yawe mbichi asubuhi na jioni siku 7. Kila nyumba siku yake.

20 Machi

Nyumba ya siku ya nne imesahau. Gunia nimelikuta kavu saa 6 mchana. Sijasema kitu, nimemwagilia mwenyewe, ila nimeandika.

29 Machi

Siku 14 zimetimia, tumezibeba. Slabu moja ina kilo mia na ushee, watu wanne kwa ndoano mbili na gongo. Hakuna iliyopasuka. Mtaro umefunikwa wote kwa mara ya kwanza tangu watoto wangu wazaliwe, na jioni mama mmoja wa nyumba ya 22, anatembelea fimbo, kapita juu yake kwenda kwa mwenzie upande wa pili bila kushikwa mkono, kwenda na kurudi, akarudia tena kama anajaribu viatu.

2 Aprili, Idi ilikuwa juzi

Hakuna kazi. Mtaro umepokea maji ya biriani ya nyumba 38. Umeyapitisha.

12 Aprili

Mvua yenyewe imekuja usiku wa kuamkia leo, ile ya kutwanga bati mpaka huwezi kuongea na mtu wa kitanda kimoja. Saa 11 alfajiri nikatoka na tochi. Maji yanaenda! Nikadondosha kumbi la nazi kwenye tundu la slabu ya kwanza, nikatembea nalo juu juu namulika kwenye kila tundu, likapita mita 20, 30, likapita mita 60 pale kwenye bomba likasitasita likavuka, nikasema kimeeleweka. Kwenye mita ya 95 likapotea. Tundu linalofuata halipo. Na maji yanaanza kupanda.

Asubuhi tumefungua. Mafuta. Ni mafuta ya kukaangia yaliyoganda, meupe, mazito kama samli, yameshika mchanga na unga na majani ya chai yakawa kama sabuni ya kipande yenye unene wa mkono. Yametoka juu kule kwenye kona, yakapoa njiani, yakaganda pale. Na kwenye kona anakaanga nani? Mweka hazina wetu.

Kwenda kumwambia ilibidi tupige kura. Imeniangukia mimi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikazunguka nikazunguka mpaka akasema sema ulichotumwa. Nikasema. Akanyamaza, akageuza maandazi yote kwenye karai moja baada ya jingine bila haraka, akasema kwa hiyo nyie maji yenu ya kuoshea pilau ya Idi yalikuwa ya zamzam? Sikuwa na jibu. Tumekubaliana hivi, mafuta yaliyokufa anayaweka kwenye dumu, kuna mtu wa kutengeneza sabuni atayachukua, na maji ya kuoshea anayamwaga kwenye kikapu chenye wavu. Bado leo jioni nimemuona akimwaga pembeni ya wavu. Lakini kidogo.

Wengine kijiweni wameleta habari ya malaria, kwamba mtaro ndo unatuumwisha malaria. Tuwekane sawa, mbu wa malaria anapenda maji masafi yaliyotuama, huyu wa mtaro mchafu ni kuleksi, yule mpiga kelele wa usiku, na kwetu pwani huyo ndo mwenye kesi ya matende na mabusha. Wa dengi, ile iliyotupiga 2019, anang'ata mchana na anazaa kwenye vifuu na matairi. Nikatazama nyuma ya kibanda changu nikahesabu matairi ya baiskeli 9 yana maji. Nimeyatoboa yote bila kumtangazia mtu.

19 Aprili

Nje ya mada kidogo. Nimempeleka mtoto shule nikasimama pale kwenye kivuko natazama. Kwenye programu ile ya Tanga Yetu, ya wale Fondation Botnar wa Uswisi, shirika la Amend limefanya kazi ya usalama wa barabarani kwa wanafunzi na bodaboda hapa mjini, na kama fundi baiskeli nakwambia gari likipunguza mwendo mita 50 kabla ya geti la shule mtoto wa baiskeli ana maisha mengine kabisa. Tanga hii baiskeli sio michezo, ni usafiri, ni ambulansi, ni gari la harusi. Kitu kimoja tu, rangi ya kivuko inafutika. Pundamilia akikosa mistari ni punda tu, na punda dereva hamsimamii.

26 Aprili, Muungano, na Jumamosi ya mwisho

Wametoka watu 9. Nilijua. Mtaro ukishafunikwa watu wanadhani umekwisha.

Saa 4 wamekuja wageni, mwaka huu wa uchaguzi wageni hawakauki, wakaomba sepetu wapigwe picha. Slabu zote zimefungwa, hakuna pa kuchimba, ikabidi tufungue mbili wapate tope la kusimamia. Wamechota mara tatu. Sepetu imerudishwa safi kuliko ilivyotoka. Mwenyekiti wa mtaa, mzee wetu, alikuwa anatazama chini muda wote namuonea huruma, maana yeye kweli alikuja saa 1 asubuhi na gambuti lake.

Ila siwezi kusema hawana faida. Mmoja kauliza mtaro mkubwa unasafishwa na nani. Hakuna aliyejibu, lakini swali limebaki mtaani.

10 Mei

Lori. Usiku. Slabu namba 3 na namba 4, zimevunjika katikati, nondo zimeshika kwa hiyo hazikudondoka ndani, zimekaa kama kitabu kilichofunguliwa. Bibi wa fimbo amerudi kupita barabarani.

Lori la nani hatujui, nimeona alama za tairi pacha tu. Tumebishana, kuna wanaotaka tuweke mawe makubwa kwenye kona lori lisiweze kukata, kuna wanaosema mawe yatamuua bodaboda usiku. Fundi anasema kwenye kona tumekosea sisi, slabu ya njia ya gari haiwi sentimita 8, inakuwa 15 na nondo mbili juu na chini, hizi zetu ni za miguu. Ni kweli, tulijua, tulibana hela. Naandika ili mwakani asije mtu akasema hatukujua.

Hesabu: kwa mweka hazina kuna 16,000. Mfuko wa simenti 16,500. Tumepungukiwa mia tano. Nimekaa nimecheka peke yangu. Mama maandazi akasema hiyo mia tano natoa mimi na iandikwe. Imeandikwa.

31 Mei

Mbili za kona zimemwagwa, unene 15, nondo tumeomba tena kule kule. Simenti mfuko mmoja ulitosha mbili kwa shida. Nyumba ya siku ya nne imeomba yenyewe imwagilie siku zote 7, sijui nani kawaonyesha hii shajara.

14 Juni

Masika imeisha, imebaki manyunyu tu. Leo asubuhi ilinyesha kidogo, maji ya kutosha mtaroni, nikamwita mjukuu wa bibi wa fimbo, ana miaka 8 na ana mbio, nikampa kumbi. Yeye anakimbia na kuchungulia kwenye matundu, mi na simu nahesabu muda. Mita 60 kwenye bomba, limevuka. Mita 95 pale pa mafuta, limevuka. Slabu za kona hazijakomaa bado, tumeziwekea mbao juu, akaziruka.

Dakika 4 na sekunde 50 likatoka upande wa pili, likaingia kwenye mtaro mkubwa, likazunguka mara moja, likasimama. Mtaro mkubwa umejaa mchanga wetu. Sio wetu peke yetu, wa mitaa yote inayomwaga pale, lakini na wetu umo.

Mtoto akauliza nilitoe? Nikamwambia liache kwanza. Nikaanza kuhesabu kwa miguu kutoka pale mpaka kwenye kalavati. Hatua 310.